Neno lisilomo katika Biblia



Wengi wenu mmekwisha kusikia swali hili, ama kilioni, ama katika karamu ya ndoa, ama njiani mkitoka shambani: «Ninyi Wakatoliki mwasema Utatu Mtakatifu. Haya, nionyesheni neno hilo katika Biblia.» Anayeuliza labda ni shemeji aliyejiunga na Mashahidi wa Yehova. Labda ni jirani wa kanisa lingine, ambalo hubatiza kwa jina la Yesu tu. Labda ni mjomba Mwislamu, maana huko Maniema jamaa moja yaweza kuwa na Wakristu na Waislamu wanaokula sahani moja. Mkristu asiyejua jibu hukasirika, au huona haya na kunyamaza. Hasira huvunja jamaa, na haya hudhoofisha imani ya watoto wanaosikiliza. Basi leo tulitazame swali hili polepole.

Kwanza tuseme kweli. Neno Utatu halimo katika Biblia. Wa kwanza tunayemjua kutumia neno la Kigiriki la namna hiyo katika kumtaja Mungu ni Theophilus, askofu wa Antiokia, karibu na mwaka 180. Aliyewazoeza Walatini neno lao ni Tertullianus wa Kartago, mwanzoni mwa karne ya 3. Kartago ilikuwa katika nchi tunayoiita leo Tunisia. Basi neno ambalo Wakristu wa Magharibi wanalitumia mpaka sasa lilitungwa katika bara letu la Afrika.

Lakini jambo lenyewe limo. Torati inasema kwamba Bwana Mungu wetu ni mmoja. Injili inatuonyesha Yesu akimwomba Baba, akiahidi Msaidizi mwingine, tena Tomaso akimwita Bwana na Mungu. Mwishoni mwa Injili ya Matayo, Yesu anawatuma mitume wabatize kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Hasemi majina, asema jina, moja tu. Wakristu wa kwanza walibatiza na kusali hivyo kabla ya kuwa na neno la kueleza. Mtoto naye hula ugali wa mama yake miaka mingi kabla ya kuweza kusema jinsi unavyopikwa.

Shida ilianza walipotaka kueleza. Wengine walipita njia iliyoonekana fupi. Sabellius, aliyefundisha Roma karibu na mwaka 220, anatajwa kuwa mkuu wa wale waliosema kwamba Baba, Mwana na Roho ni majina matatu ya mmoja yule yule, kama mtu anayeitwa baba nyumbani, fundi kazini, na shemeji ukweni. Papa Kallisto alimtenga. Maana kama ni hivyo, Yesu alipopiga magoti bustanini alikuwa akisema na nani? Sala yake ingekuwa mchezo wa kuigiza tu.

Mwingine akapita njia ya pili. Arius alikuwa padri wa mji wa Alexandria, Misri, mtu wa maisha magumu na maneno matamu. Karibu na mwaka 318 alianza kufundisha kwamba Mwana si Mungu kama Baba. Ni kiumbe, alisema, mkubwa kupita viumbe vyote, lakini kiumbe. Na kabla ya kuumbwa hakuwako. Alitaja maneno ya Yesu kwamba Baba ni mkubwa kuliko yeye, na maneno ya kitabu cha Mithali juu ya Hekima iliyofanywa mwanzoni mwa kazi za Mungu. Tena alitunga nyimbo za mafundisho yake, zikaimbwa na mabaharia na wasagaji wa nafaka. Askofu wake, Alexander, alimwonya, kisha akamtenga. Lakini wimbo ukiisha kutoka bandarini hakuna awezaye kuufunga kamba.

Mfalme Constantinus aliposikia habari hii, mwaka 324, aliwaandikia Arius na Alexander barua. Aliona kwamba wanagombania jambo dogo lisilofaa kuwagawanya ndugu, akawasihi wapatane. Hata leo wako wanaosema hivyo: «Yote ni maneno ya wasomi, sisi tupendane tu.» Lakini je, lilikuwa jambo dogo? Fikirini. Kama Mwana ni kiumbe, basi aliyekufa msalabani ni mjumbe tu, na Mungu mwenyewe amebaki mbali. Tena tumebatizwa kwa jina la Mungu pamoja na jina la kiumbe, na kila siku tunakisujudia kiumbe. Athanasius, shemasi wa Alexandria wakati ule, aliona hatari hiyo upesi. Alifundisha kwamba kiumbe hawezi kuwaunganisha viumbe na Mungu. Mwenye deni hawezi kumlipia mwenzake deni kwa mfuko mtupu.

Kwa hiyo mwaka 325 maaskofu wakakutana Nikea, mji unaoitwa leo Iznik, katika Uturuki. Walikuwa karibu 300. Mapokeo husema 318. Athanasius ameacha habari ya mazungumzo yale, na habari hiyo ndiyo jibu la swali la shemeji yetu. Maaskofu walitaka kwanza kutumia maneno ya Biblia peke yake. Wakasema: tuandike kwamba Mwana ametoka kwa Mungu. Rafiki za Arius wakakonyezana, wakakubali. Maana Mtume Paulo anasema kwamba vitu vyote vimetoka kwa Mungu, hata sisi. Wakasema: tuandike kwamba ni sura ya Baba. Wakakubali tena, maana mwanadamu naye ameumbwa kwa sura ya Mungu. Kila neno la Biblia walilipokea kwa midomo, na kulipa maana yao moyoni.

Ndipo maaskofu wakachukua neno la nje ya Biblia, neno la Kigiriki homousio, maana yake mwenye umungu mmoja na Baba. Hapo hapakuwa na pa kujificha. Maaskofu wawili wa Libya, Theonas na Secundus, walikataa mpaka mwisho. Basi neno lile halikuletwa ili kuongeza jambo juu ya Injili. Lililetwa kama ua wa miti kuzunguka shamba. Ua hauliwi, wala haukupandwa kwa ajili ya kuliwa. Lakini pasipo ua mbuzi humaliza mihogo.

Msidhani ugomvi ulikwisha siku ile. Uliendelea zaidi ya miaka hamsini. Wafalme waliofuata waligeuka huku na huku. Athanasius, aliyefanywa askofu wa Alexandria mwaka 328, alifukuzwa mara tano, akakaa uhamishoni miaka zaidi ya kumi na mitano, mara Trier katika nchi za Ulaya, mara jangwani kwa watawa wa Misri. Mwaka 359 mfalme Constantius aliwabana maaskofu wengi watie sahihi imani iliyoficha lile neno la Nikea. Mtakatifu Gregorius wa Nyssa alilalamika baadaye kwamba katika Konstantinopoli hata waoka mikate na wabadili fedha walibishana juu ya Baba na Mwana badala ya kuwahudumia wanunuzi. Mnaona, basi, kwamba ubishi wa sokoni si jambo la leo.

Lakini katika miaka ile ya taabu liko tendo moja ninalotaka mlikumbuke kuliko mengine, kwa sababu lafaa sana kwa jamaa zetu. Mwaka 362 Athanasius alirudi kutoka uhamishoni, akakusanya maaskofu wachache Alexandria. Katika Antiokia Wakristu waliokiri imani moja walikuwa wamegawanyika. Wengine walisema katika Mungu mna hipostasi tatu. Wengine walisema mna hipostasi moja tu. Wa kwanza waliwaona wenzao kuwa watu wa Sabellius. Wa pili waliwaona wenzao kuwa watu wa Arius, au watu wa miungu mitatu. Walatini nao waliwashuku walionena tatu, kwa sababu neno lao substansia ni hipostasi ile ile ikipimwa kipande kwa kipande, nao kwa neno hilo walikuwa wakitaja Umungu ulio mmoja.

Athanasius alifanya nini? Aliwauliza. Wale waliosema tatu: je, mnataka kusema miungu mitatu, iliyo mbalimbali kama watu watatu? Wakajibu: hapana kabisa, twataka kusema kwamba Baba ni Baba kweli, Mwana ni Mwana kweli, na Roho ni Roho kweli, na Umungu wao ni mmoja. Wale waliosema moja: je, mnafuta Mwana na Roho? Wakajibu: hapana kabisa, twataka kusema kwamba Umungu ni mmoja. Basi ikaonekana kwamba wanaimba wimbo mmoja kwa sauti mbili. Kila upande ulikubali maana ya mwenzake, wakashauriwa washike maneno ya Nikea na kuacha kushtakiana. Mtu yule yule ambaye hakumlegezea Arius hata herufi moja, aliwafungulia mlango ndugu waliotumia neno lingine.

Antiokia haikupona upesi, maana majeraha ya ndugu hukawia. Lakini njia ilikuwa imefunguliwa. Mtakatifu Basilius wa Kaisaria na rafiki zake walieleza neno kwa neno tofauti ya umoja na utatu, na mwaka 381, katika Konstantinopoli, maaskofu karibu 150 walikiri pia heshima ya Roho Mtakatifu, anayeabudiwa pamoja na Baba na Mwana. Nasadiki yetu ya siku ya Bwana imetoka huko.

Sisi wa Kiswahili tumerithi kazi hiyo hiyo. Twasema Nafsi tatu. Hatusemi watu watatu. Kwa nini? Kwa sababu watu watatu ni watatu kweli: mmoja aweza kulala na wa pili kulima, mmoja kufa na wa tatu kubaki. Katika Mungu hakuna kugawanyika namna hiyo. Neno nafsi nalo halitoshi, maana katika maneno ya kila siku latumika kwa mtu na moyo wake. Hakuna neno la kibinadamu linalotosha. Yatupasa kujua linalinda nini: kwamba Mungu ni mmoja, na kwamba tangu milele ndani yake mna kupenda na kupendwa.

Sasa turudi kwa jamaa. Shemeji akisema kwamba Mwana ameumbwa, usimtukane wala usicheke. Mwulize kwa upole: basi, wewe wamtolea Yesu sala? Kama ni kiumbe, nani ametufikia katika ubatizo? Hapo tofauti ni ya kweli, nasi hatuwezi kuifunika kwa maneno matamu. Upendo hauhitaji uongo. Jirani anayebatiza kwa jina la Yesu tu naye aulizwe: Yesu alisali kwa nani?

Mjomba Mwislamu akisema kwamba tumemwekea Mungu mshirika, msikilize vizuri. Hofu yake ni kwamba kiumbe asiabudiwe. Hofu hiyo ni yetu pia. Kwa ajili hiyo Athanasius alimpinga Arius. Pengine mjomba anadhani kwamba tunahesabu Mungu, Maria na Isa. Mwambie wazi kwamba Maria ni kiumbe, twamheshimu na hatumwabudu, na kwamba anayesema miungu mitatu ametoka katika imani yetu. Labda hatakubali Utatu kwa hayo. Lakini atajua unachosadiki, nawe utajua anachoogopa, na sahani itabaki moja.

Hata kati ya Wakristu wanaokiri Nikea bado liko neno la kuamuliwa: Walatini husema kwamba Roho anatoka kwa Baba na kwa Mwana, na Waortodoksi hawakubali nyongeza hiyo. Lakini mwaka 2025 pande zote mbili zilikumbuka miaka 1700 ya Nikea, na mwezi wa Novemba Papa Leo wa 14 na Patriarka Bartolomayo walisali pamoja huko Iznik. Wanaulizana, kama Athanasius alivyouliza.

Baba wa jamaa, jioni hii watoto wakifanya ishara ya msalaba, usiache waifanye mbiombio kama mtu anayefukuza nzi. Waonyeshe polepole: mkono kipajini, kifuani, mabegani. Waeleze kwamba kwa kila tendo wanakiri Mungu mmoja, na kwamba watu waliteseka jangwani ili maneno hayo mafupi yatufikie mzima. Mtoto aliyefundishwa hivyo, siku atakapoulizwa kilioni, hatahitaji hasira wala haya.