Twendeni Rukwa Kabla ya Mvua

Jua la Tunduma huzama dakika kama 25 baada ya lile la Dar es Salaam. Nchi nzima tunafuata saa moja, lakini sisi tuko mbali magharibi. Mtu wa Kariakoo ameshawasha taa, huku kwetu mwanga bado upo. Mwezi Juni linazama saa kumi na mbili na nusu na ushee, Januari linafika hadi saa moja na robo jioni. Ukivuka kuingia Nakonde jua ni lile lile, ila saa ya Zambia iko nyuma kwa saa nzima. Wenye maduka na wabadilisha fedha wa pande zote mbili hilo wanalijua vizuri, maana linagusa hesabu zao. Kulitazama jua lenyewe likishuka, wangapi tunapata nafasi?

Jioni zetu tunazimalizia katikati ya malori, kwenye vumbi na honi, tukisubiri mzigo utoke au mteja wa mwisho alipe. Sisemi kazi iachwe; mji huu unaishi kwa mpaka. Ombi langu kwa ndugu zangu wa Tunduma, Vwawa, Mlowo, Ileje na Mkwajuni ni dogo: kiangazi hiki, kabla mvua za Novemba hazijaharibu njia, chukueni watoto na wazee mwende mkakae kando ya maji ya mkoa wetu, walau siku moja, bila biashara yoyote.

Najua swali litakalofuata. Maji yapi? Mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ulikuja na sehemu ya Ziwa Rukwa. Mgeni akituuliza tuna nini, tunataja kimondo cha Mbozi pale Ndolezi, tunataja kahawa, tunataja mpaka. Ziwa tunawaachia watu wa Sumbawanga, nadhani kwa sababu tu mkoa wao ndio wenye jina hilo. Kumbe wilaya zetu mbili, Songwe na Momba, zinapakana nalo. Wenye uwezo wanapita Mbeya, wanapita Tukuyu, wanateremka Kyela hadi Matema kwenye Ziwa Nyasa. Matema ni pazuri, sibishi. Lakini ni aibu kidogo mtoto wa Tunduma kujua mchanga wa Matema na asijue Rukwa iko upande gani wa nyumba yao.

Ukiwa upande wa Wilaya ya Songwe uko mashariki ya ziwa, kwa hiyo jua linashuka mbele yako, juu ya maji, na nyuma ya maji kuna ukuta wa nyanda za juu za Ufipa. Ukiteremka kupitia Mlowo kwenda Kamsamba na Ivuna, mambo yanageuka: jua linajificha mapema nyuma ya milima, ila anga na bonde vinabaki na rangi kwa muda mrefu. Mimi nikipewa kuchagua, nachagua upande wa Wilaya ya Songwe, hata kama safari ni ndefu. Na wekundu ule mkali wa Agosti na Septemba, tusidanganyane, sehemu kubwa ni vumbi na moshi wa mapori tunayoyachoma wenyewe. Ningekubali jua lipauke kidogo, misitu ibaki.

Rukwa haina mto unaotoka. Mito ya Momba na Songwe inaleta maji, jua linayanyonya, chumvichumvi inabaki. Ziwa lenyewe halina kina kirefu, kwa hiyo mvua ikizidi au ikipungua ufukwe unahama, na aliyefika miaka kumi iliyopita anaweza asiikute sehemu aliyokaa. Ndiyo maana ukifika, kabla ya kutandika mkeka, pita ofisi ya kijiji au kwa viongozi wa BMU, kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi, pale mwaloni. Wao wanajua maji yameishia wapi mwaka huu.

Wanajua pia mamba wako wapi. Hapa sitazunguka: Rukwa si ziwa la kuogelea. Ina mamba wengi na viboko, na wavuvi wamepoteza ndugu zao. Ukiona tope la ukingoni limelainishwa kama sakafu iliyopigwa mwiko, hapo mamba hupanda kuota jua. Ukiona kwenye majani njia yenye mifereji miwili na tuta katikati, ni njia ya kiboko, na ataipita tena giza likiingia. Basi matembezi marefu ya ufukweni yafanyike mchana, na mwenyeji atangulie. Mwari na heroe mtawaona vizuri kabisa kwa mwanga huo. Jioni kaeni mwaloni penye watu, watoto mbali na maji. Atakayelalamika kuwa ufukwe bila kuogelea si ufukwe, mpeni gege wa kukaanga na ugali wa moto, atanyamaza. Ila ulizeni kwanza kama uvuvi umefunguliwa. Ziwa hili limewahi kufungwa ili samaki wazaliane.

Gharama inapungua mkienda wengi. Kikundi cha vikoba kinaweza kutenga kiasi kidogo kila mwezi, na siku ikifika mkodi Costa moja. Kwaya na madrasa wanajua kupanga safari kuliko sisi sote. Kwa asiyeweza kabisa, kuna Mto Songwe mwingine, ule wa Ileje, Malawi ikiwa ng'ambo, au kilima chochote cha jirani mtakapoliona jua likizama upande wa Zambia.

Halmashauri za Songwe na Momba nazo nina neno nazo. Siombi hoteli. Naomba choo safi, miti ya kivuli, mabenchi machache, na bango linaloonya kuhusu mamba kwa herufi kubwa, katika mwalo mmoja tu wa kuanzia kila wilaya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Isimamieni sasa, kabla hajatokea mtu wa kuweka uzio. Wageni wanaotafuta heliamu wamelijua bonde hili tangu habari za gesi hiyo zitangazwe mwaka 2016. Wenyeji tusiwe wa mwisho.

Mtakaokwenda, ondokeni alfajiri, na pangeni kulala huko huko; barabara ya kupanda kutoka bondeni si ya kujaribu usiku. Bebeni maji ya kunywa ya kutosha, vyandarua, masweta ya wazee ya kurudi nayo Mbozi penye baridi, na gunia tupu. Taka zenu zote zirudi ndani ya gunia hilo.