Aliyepotea Hatafutwi na Mtu Mmoja

Miongoni mwa vitabu vipokezanwavyo na wanafunzi wetu, ni vichache visomwavyo kwa pupa kama hadithi za taharuki. Hatuna ugomvi na taharuki. Moyo wa msomaji kwenda mbio si dhambi, na mwalimu avitupaye vitabu hivyo nje ya darasa kwa kuviita vya kipuuzi huwapoteza wanafunzi pamoja na vitabu. Ugomvi wetu ni na aina moja tu: ile ya mtu aliyepotea porini, akatafutwa na shujaa pekee mwenye bastola, ramani na mbwa, ajuaye kila kitu tangu alipoteremka garini, na wenyeji wasiwe na kazi ila kumchukulia mizigo na kuogopa mizimu. Hadithi hiyo twaishitaki kwa uongo. Si uongo wa kubuni, maana kubuni ni haki ya mtunzi. Ni uongo wa kutunyang'anya elimu yetu wenyewe.

Natukitazame Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, katika Wilaya ya Mkoani. Pori la hapo ni bahari na mikoko. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua hupanda na kushuka kwa kiasi cha mita 3 au 4. Palipopitwa kwa miguu asubuhi, baada ya saa sita huelea chombo. Mvuvi asiporudi na ngarawa yake, bastola itamtisha nani? Na mbwa atanusa nyayo zipi, ilhali maji yamekwisha kuzifuta? Anayehitajika ni mzee ajuaye mwezi una siku ngapi, na kwa hiyo maji yatageuka saa ngapi. Ni nahodha ajuaye kusi likivuma, chombo kilichovunjika mlingoti huchukuliwa upande gani. Ni mwanamke aendaye pwani kuokota chaza, ajuaye kila mkono wa maji uingiao mikokoni. Hakuna hata mmoja wao ajuaye peke yake aliyepotea yuko wapi. Kila mmoja ana kipande chake cha elimu, na vipande hivyo vikikutana ndipo msako huanza. Na saa ya msako huo haimo mkononi mwa shujaa. Ni maji yenyewe yajaayo. Taharuki gani iipitayo hiyo?

Tutajibiwa kwamba fani hii imetoka Ulaya, na aiazimaye hana budi kuiazima nzima. Si kweli. Muhammed Said Abdulla aliiazima katika Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyopata tuzo ya kwanza katika mashindano ya 1957 na 1958, ikachapishwa 1960. Bwana Msa huvuta kiko kama Sherlock Holmes. Lakini kiko hakikumfanya Mwingereza. Usemi wake, mizaha yake na watu awahojio ni wa Unguja. Mwandishi aliazima mtungi, maji akayateka kisimani kwake.

Tena huko Ulaya kwenyewe mambo hayakuwa kama vitabu vyao visemavyo. Desemba 1926 Agatha Christie, mtunzi maarufu wa hadithi za upelelezi, alitoweka, na gari lake likaonekana limeachwa mashambani. Polisi na maelfu ya raia walimtafuta. Arthur Conan Doyle, aliyemtunga Sherlock Holmes, alipeleka glavu ya mama huyo kwa mpiga ramli! Baada ya siku 11 Christie alipatikana hotelini, mjini Harrogate, akiwa ametambuliwa na wapiga muziki wa hapo. Basi wasitucheke wanaosema kwamba ramli ni ya Mpemba na akili ni ya mgeni. Na wala wasituambie kwamba mpelelezi mmoja hutosha.

Uongo wa pili umo katika mwisho wa hadithi hizo, ambamo aliyepotea lazima apatikane. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, mwaka 2011, meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, imepakia watu kupita kiasi chake. Wavuvi walitoka na vyombo vyao kuokoa. Wengi waliokolewa, na wengi hawakuonekana tena, hai wala maiti. Sheria ya Kiislamu inao mlango wake juu ya mtu wa namna hiyo: mali yake hairithiwi, na mkewe haolewi, mpaka mauti yathibitike au kadhi ahukumu. Nyumba inayongoja hukumu hiyo ina taharuki ambayo risasi mia haziwezi kuileta, na twasikitika kwamba watunzi wetu wa upelelezi hawajaishughulikia ipasavyo.

Kwa hiyo twawahimiza walimu: kila kitabu cha msako kiingiacho darasani kiulizwe nani ndani yake ana elimu, nani amenyimwa, na waliobaki nyumbani wamefanywa nini. Nanyi wanafunzi mlio visiwani, kabla ya kutunga habari za theluji msiyoiona, nendeni kwa wazee wa pwani mkaulize chombo kisiporudi hufanywa nini, nani huitwa kwanza, na maji husubiriwa mpaka lini. Yaandikeni majibu yao kwa Kiswahili chao. Humo mna riwaya, na wenye kuijua hawatangoja milele.