RAV4 ya familia, Karagwe na Kyerwa
Kwa familia ya Kayanga au Nkwenda inayotafuta gari la bei nafuu, naiunga mkono RAV4 ya mwaka 2000 hadi 2005, ile waiitayo Kilitime, ila uliza injini kwanza. Ya cc 1800 kutoka Japani huvuta magurudumu ya mbele tu. Masika yakikolea na mlima ukiteleza, itakulaza njiani na watoto na mikungu ya ndizi. Chukua ya cc 2000 inayovuta yote manne. Mafuta inakunywa zaidi, kweli, na kwenye lami ya Kyaka hadi Bugene nguvu hiyo huihitaji. Lakini mashamba mengi ya kahawa Kyerwa hayapakani na lami! Kabla ya kulipa, fundi wako akague bushi na shokapu.