Usikubali kosa ili urudi nyumbani haraka

Kuna ushauri unaosambaa seli haraka kuliko kunguni: "We kubali tu. Hakimu atakupiga faini ndogo, jioni uko home." Utaupata kwa mahabusu mwenzako, kwa jamaa aliyekuja kukuona, na wakati mwingine kwa karao mwenyewe. Unasikika kama msaada, lakini unaweza kukuharibia maisha.

Chukua mfano unaoweza kumpata yeyote anayeishi mjini. Umenunua simu iliyotumika kwa jamaa wa mtaani kwa sababu bei ilikuwa poa. Wiki tatu baadaye maafisa wa upelelezi wanabisha mlango. Simu iliibwa, mwenyewe aliripoti, na wameifuatilia hadi kwako. Kesho yake uko kizimbani na unasomewa shtaka la kupatikana na mali ya wizi. Unaulizwa: ni kweli au si kweli? Wewe, kwa kuwa umelelewa kusema ukweli, unajibu: "Ni kweli, simu nilikuwa nayo."

Hapo ndipo wengi huteleza. Hukuulizwa kama simu ilikuwa mfukoni mwako. Umeulizwa kama ulikuwa nayo ukijua, au ukiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Na kosa hilo, kwa mujibu wa kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, linaweza kukupeleka jela hadi miaka 14. Wizi wa kawaida, chini ya kifungu cha 275, kifungo chake cha juu ni miaka mitatu. Yaani mnunuzi anaweza kuwa pabaya kuliko mwizi.

Kila shtaka limeundwa kwa vipande, na upande wa mashtaka lazima uthibitishe kila kimoja. Kipande kimoja kikikosekana, shtaka linaanguka. Ndiyo maana ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha ulilipa pesa, risiti, au rafiki aliyekuwepo mkinunua ni ushahidi wa maana. Haubadilishi kwamba simu ulikuwa nayo. Unasaidia kuonyesha kwamba hukujua.

Tena jina la shtaka si kitu cha kupuuza. Mtu akinyang'anywa simu kwa nguvu na watu wawili, hata kama hakuna aliyeshika kisu, hilo linaweza kuandikwa kuwa wizi wa mabavu. Adhabu yake katika vitabu vya sheria ni kifo. Kwa hivyo kijana anayesema "nilikuwepo tu na mbogi" anaweza kudhani anajitetea, kumbe anajiweka mahali pa tukio katika kesi nzito zaidi nchini.

Sasa, ukikubali kosa mahakamani, nini hufuata? Kiongozi wa mashtaka husoma maelezo ya kesi, na unaulizwa kama ni sahihi. Hiyo ni nafasi yako ya kusema, "Mheshimiwa, simu niliinunua, sikujua imeibwa." Hakimu akisikia hivyo anapaswa kuandika kwamba umekana shtaka, na kesi isikilizwe. Ukinyamaza, au ukisema "ni sawa" kwa kuwa Kiingereza kimekupita, unahukumiwa. Ukikata rufaa baadaye, sheria inakuruhusu kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu tu. Kwamba hukutenda kosa, mlango huo umefungwa, isipokuwa uonyeshe kwamba kukubali kwenyewe hakukuwa kwa njia halali.

Halafu kuna alama za vidole. Faini utalipa na kusahau. Lakini siku utakapoitisha cheti cha polisi cha maadili mema kwa ajili ya kazi, rekodi itakuwa inakusubiri.

Najua utaniambia: "Hizo ni story za wenye pesa. Kukana shtaka ni kusota rumande na kurudi kortini mara kumi." Ni kweli kesi zetu hujivuta, na wapo waliokaa rumande kwa kukosa dhamana ndogo. Lakini Katiba haijakuacha mikono mitupu. Kipengele cha 49 kinataka ufikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya kazi inayofuata iwapo muda huo utaisha korti zikiwa zimefungwa. Unapaswa kuambiwa sababu ya kukamatwa kwa lugha unayoielewa. Una haki ya kunyamaza na haki ya kuzungumza na wakili. Dhamana ni haki yako, na masharti yake yawe ya kadiri, isipokuwa kuwe na sababu nzito ya kukuzuia. Kama masharti yamekushinda, mwombe hakimu ayalegeze. Pesa za dhamana ukizilipa, itisha risiti, kwa sababu zinarudishwa kesi ikiisha ukiwa umehudhuria.

Kipengele cha 50 nacho kinasema huna hatia hadi ithibitishwe. Unapaswa kupewa muda wa kujiandaa na kuonyeshwa mapema ushahidi utakaotumika dhidi yako. Ukihitaji mkalimani, ni bure. Na kama kukosa wakili kutaleta dhuluma kubwa, Serikali inafaa kukupa mmoja. Tangu 2016 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria na taasisi ya kitaifa ya kuitekeleza, na kuna mashirika kama Kituo Cha Sheria. Foleni ni ndefu, ndiyo, lakini asiyeomba hayumo hata kwenye foleni.

Simwambii mtu adanganye korti. Kama ulitenda kosa, kulikubali kunaweza kukupunguzia adhabu, na kwa makosa madogo hakimu anaweza kukupa kazi za kijamii badala ya jela. Kuna hata makubaliano rasmi na upande wa mashtaka kuhusu shtaka dogo zaidi. Lakini hayo ni maamuzi ya kufanya baada ya kusoma karatasi ya mashtaka na kupata ushauri. Usiyafanye kwa sababu umelala vibaya na unatamani chai.

Juni 2024, wakati wa maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, namba za mawakili wa kujitolea zilizunguka mitandaoni usiku kucha. Mtu akikamatwa, swali la kwanza lilikuwa: yuko kituo gani, nani anaenda? Tulithibitisha kwamba tunaweza. Ila kijana wa mtaani kwenu akishikwa Jumanne ya kawaida kwa sababu ya simu, hakuna hashtegi. Anaenda peke yake, na wa kwanza kumshauri ni yule wa seli.

Basi tumfikie kabla ya ushauri huo. Kariri kichwani namba ya mzazi au rafiki mmoja, maana simu itachukuliwa. Mwenzako akikamatwa, nenda kituoni, uliza shtaka ni gani na kama ameandikwa kwenye OB, na mwambie neno moja kabla hajapandishwa kizimbani: kama hukuelewa shtaka, usijibu "ni kweli". Sema hujaelewa, lisomwe tena.