Jirani Hajakuibia Wi-Fi, Mnapigiana Kelele Tu

Wadau wangu, leo tuwaache kwanza mastaa na ndoa zao. Kuna ugomvi mwingine unaendelea huku mitaani kwetu, Sinza, Kijitonyama, Mwananyamala, Tabata, kote kule ambako madirisha yanatazamana na ukikaanga samaki jirani anajua ni kibua au changu. Ugomvi wa Wi-Fi.

Juzi kati dada mmoja, wanunuzi wa nguo za mtandaoni wengi mnamjua na jina lake naliacha, alikuwa laivu anauza magauni ya sikukuu. Watu wamejaa, oda zinaingia, mara picha ikaganda mdomo ukiwa wazi. Ikarudi. Ikaganda tena. Mpaka mtandao unakaa sawa, wateja washahamia kwa mwenzake. Kesho yake akapandisha posti ya moto: kuna jirani ananiibia intaneti, na namjua. Huko chini watu wakaanza kumtaja kijana wa watu anayekaa chumba cha uani, eti kila siku yuko barazani na simu. Kijana anaitwa mwizi na watu ambao hata sura yake hawaijui!

Jamani, hili hapana. Mwizi wa Wi-Fi anajulikana kwa dakika mbili. Unaingia kwenye mipangilio ya ruta yako, unaangalia orodha ya vifaa vilivyounganishwa, unahesabu vyako. Kikizidi kimoja, badilisha neno la siri, kazi imeisha. Dada angefanya hivyo kabla ya kuchafua jina la mtu. Na ile posti aifute, maana yule kijana bado anapita njia ile ile kwenda dukani, na pale kijiweni maneno hayafutiki kama posti.

Kinachotokea mara nyingi ni hiki. Ruta zetu nyingi zinarusha mawimbi kwenye masafa ya gigahezi 2.4. Hapo kuna chaneli 13, ila usidanganyike na hiyo namba. Chaneli zimepangwa kwa hatua ya megahezi 5, wakati ruta moja inahitaji upana wa kama megahezi 20. Kwa hiyo zile ambazo kwa kawaida tunasema haziingiliani ni tatu tu: 1, 6 na 11. Sasa fungua simu yako uone majina ya Wi-Fi yanayosomeka ukiwa kitandani. Kumi na tano? Ishirini? Wote hao wanagombania njia tatu. Na kwenye masafa hayo hayo kuna spika za Bluetooth, na ile maikrowevu ya mama wa juu akipasha ubwabwa.

Ruta zina adabu kuliko sisi. Zikiwa chaneli moja zinasikilizana: mmoja akiongea, mwenzake anasubiri zamu, kama foleni ya ndoo bombani. Unachelewa, ila unapata. Tatizo ni mjuaji anayehamia chaneli ya 3 au ya 4 kwa sababu kaiona tupu. Pale yuko katikati ya watu wa 1 na watu wa 6, hawaelewi na hawamwelewi, kwao yeye ni kelele tu. Anaharibu pande zote mbili, na kwake pia hapakaliki.

Tunavyotatua sasa ndipo ninapochoka. Mchekeshaji mmoja, naye jina tuliache, alijisifu kwamba kapandisha kifurushi mara mbili ili akomeshe "mtandao wa kinyonge". Wiki moja baadaye bado analalamika. Kaka yangu, umeongeza maji kwenye tanki wakati bomba la kuingia chumbani ndilo limebanwa! Kabla hujatoa hela, chukua kompyuta uichomeke kwenye ruta kwa waya. Ikiwa kasi nzuri na chumbani mbaya, tatizo ni hewa ya mtaani. Ikiwa mbaya hata kwa waya, hapo piga simu huduma kwa wateja, gomba nao, una haki yako. Kuna wanaosema pima saa nane usiku watu wakilala. Sawa, lakini usiku hata kwenye kampuni foleni inapungua, kwa hiyo kipimo hicho hakikuambii kosa liko wapi. Waya ndio unakuambia.

Wengine wananunua ruta yenye antena nne kama buibui na kuiwekea nguvu zote. Mnakumbuka shughuli mbili mtaa mmoja, kila DJ anapandisha sauti amzidi mwenzie? Mwisho hakuna anayesikia wimbo. Halafu simu yako haikupandisha sauti, ni ruta tu iliyopandisha. Unaona alama zimejaa, lakini simu ikijibu bado inanong'ona na ruta haiisikii. Vile vidude vya kurudia mawimbi navyo vingi ni hivyo hivyo: vinapokea na kurusha kwenye hewa ile ile, kila neno linasemwa mara mbili, foleni inazidi kuwa ndefu.

Kinachosaidia ni cha kawaida kabisa, wala hakihitaji fundi. Kama ruta yako inatoa majina mawili, tumia lile la gigahezi 5. Mara nyingi limeandikwa 5G mwishoni, na hiyo siyo ile 5G ya minara, msichanganye. Lina chaneli nyingi zaidi, na ukuta wa tofali unalipunguza sana. Watu wanaona huo ni udhaifu, mimi kwa uswahilini naona ni neema: la jirani halifiki kwako kwa nguvu, na lako halimsumbui. Ila uwe chumba kimoja na ruta, au mlango wa pili. Simu za zamani za bei chee hazilioni, hizo ziache 2.4. Televisheni ivutie waya, haitembei hiyo. Ruta itoe nyuma ya friji na juu ya kabati la vyombo, iweke juu mahali pa wazi. Na ukibaki 2.4, chagua 1, 6 au 11, ile yenye watu wachache, na upana uache kwenye megahezi 20. Ukiweka 40 umelala kitanda cha watu wawili peke yako huku wenzio wako sakafuni.

Lakini nyumba yenye wapangaji wanane na ruta nane, hapo mmoja akijirekebisha peke yake haitoshi. Mna grupu la WhatsApp la umeme na taka, mnachangishana kila mwezi na kutupiana maneno. Siku moja liandikwe humo: nani yuko chaneli gani. Wa chini 1, wa kati 6, wa juu 11. Au wawili watatu wanaoaminiana wachange ruta moja nzuri na kifurushi kimoja, zile nyingine zizimwe. Baba mwenye nyumba naye, anayepandisha kodi kila mwaka, akijenga tena apitishe bomba la waya wa intaneti ukutani kabla ya kupiga plasta, kama anavyopitisha la umeme.