Usonji: Miadi iko mbali, mtoto anaendelea kukua

Mtu mzima akiambiwa arudi hospitali baada ya miezi sita, atanung'unika na kuvumilia. Kwa mtoto wa miaka miwili na nusu ambaye bado hajasema neno, miezi sita ni moja ya tano ya umri wake wote.

Hayo ndiyo wanayokutana nayo wazazi wengi wanaotafuta uchunguzi wa usonji katika hospitali za umma. Usonji haupimwi kwa damu wala kwa eksirei. Mtaalamu hukaa na mtoto, akamwangalia anavyocheza, kisha akamuuliza mzazi historia ya makuzi tangu kuzaliwa. Kazi hiyo haiishi kwa dakika kumi, na wataalamu wake ni wachache, wengi wakiwa miji mikubwa. Anayeanzia zahanati hupewa rufaa ya wilaya, kisha ya mkoa, na kila mahali kuna foleni yake.

Lakini kuna kusubiri kwingine ambako huanzia nyumbani. "Mwacheni, hata baba yake alichelewa kuongea." Bibi anasema hivyo kwa upendo tu, na mwaka unapita.

Mzazi mwenzangu, huko ndiko tunakoweza kuokoa muda. Mtoto wa miezi 18 hupelekwa kliniki kwa chanjo ya pili ya surua na rubela. Ni umri ambao dalili nyingi huanza kuonekana, lakini mara nyingi mtoto anapimwa uzito, anachomwa sindano, safari inaishia hapo. Siku hiyo mwambie muuguzi kama mtoto:

• Hageuki akiitwa jina lake.
• Hanyooshi kidole kukuonyesha kitu kilichomvutia.
• Hapendi kukutazama usoni.
• Haigizi katika michezo, kama kumlisha mdoli.

Dalili moja peke yake haithibitishi usonji, ila inatosha kuomba rufaa. Na kama mtoto alikuwa na maneno kisha yakapotea, mpeleke mara moja, awe na umri wowote.

Ukishapata tarehe ya mbali, usikae bure.

Kwanza, omba apimwe masikio. Mtoto asiyesikia vizuri naye haitiki wala haongei, na majibu hayo utayahitaji siku ya miadi.

Pili, tumia simu yako. Mrekodi video fupi akicheza, akila na akiitwa. Mbele ya daktari huenda akalia au akalala, na video itaonyesha anavyokuwa nyumbani. Andika pia alitembea lini na alisema neno gani la kwanza. Video hizo ni za daktari, zisiingie kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Tatu, anza kumsaidia. Shirika la Afya Duniani (WHO) lina mafunzo kwa walezi wa watoto wa miaka miwili hadi tisa waliochelewa katika makuzi, na mtoto hahitaji kuwa na jibu la daktari ndipo mlezi wake ajifunze. Mengi yanawezekana hata sebuleni. Kaa chini, macho yenu yawe usawa mmoja. Jiunge na mchezo anaoupenda yeye, hata kama ni kupanga vifuniko vya chupa. Akitaka maji, subiri kidogo aombe kwa namna yake, hata kwa kukushika mkono, kisha mpe huku ukisema "maji". Fanya hivyo kila siku, wakati wa kuoga, kula na kuvaa.

Nne, linda fedha zako. Hakuna dawa inayoponya usonji, iwe ya duka au ya mganga. Anayekuahidi kwamba atauondoa anataka nauli yako ya hospitali.

Piga simu au pita kliniki kuulizia kama kuna mtu aliyeacha nafasi yake. Na hata mtoto akianza kutamka maneno mawili matatu, usiiache miadi. Majibu ya uchunguzi ndiyo yatakayokusaidia kumtafutia shule yenye walimu wa elimu maalumu na tiba inayomfaa. Foleni hatukuipanga sisi, ila siku za kusubiri ziko mikononi mwetu.