MAJIRANI ZETU: Jagari wa Zambia

Ukivuka mpaka wa Tunduma unaingia Nakonde, nchi ya Zambia. Mbali zaidi, kwenye machimbo ya shaba, uko mji wa Kitwe. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1970, vijana waliunda bendi iliyoitwa Witch. Kwa Kiingereza neno hilo maana yake ni mchawi. Usiogope! Walipiga roki tu, yaani muziki wa magitaa ya umeme wenye kishindo.

Mwimbaji wao alikuwa Emmanuel Chanda. Watu walimwita Jagari, kwa kumfananisha na Mick Jagger wa Uingereza. Mwaka 1972 walitoa santuri yao ya kwanza. Rais Kaunda naye alitaka redio ipige muziki wa nyumbani.

Kisha bei ya shaba ikaanguka, fedha zikaadimika. Nchi jirani zilikuwa vitani, na watu walikatazwa kutembea usiku. Dansi likachezwa mchana! Jagari akaacha bendi, akawa mwalimu.

Baadaye ukaja UKIMWI. Uliua wanamuziki wengi wa Zambia wa wakati ule. Jagari alipona, lakini muziki haukumlisha. Alikwenda kuchimba vito.

Huko Ulaya na Marekani, watu walikuwa wakizitafuta santuri zake za zamani na kuzinunua kwa bei kubwa. Mchimbaji mwenyewe yuko shimoni! Hilo ndilo linalonisikitisha. Mwishowe walimtafuta. Mwaka 2017 aliimba Ulaya, na mwaka 2023 Witch ilitoa albamu mpya, Zango. Jagari alikuwa amepita miaka 70.